Gambuti Jozi Moja, Watu Watatu

Swali la wiki: Maji unayokunywa yanatoka wapi, na nani analinda chanzo chake?

Mhariri, mimi ninakaa Kimara, Dar es Salaam, na maji ninayokunywa yanatoka kwetu. Sitanii. Kijito kinachopita chini ya shamba la mama kule milimani Uluguru, Morogoro, kinaingia mto Mfizigo, Mfizigo unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaovutwa na mitambo ya Ruvu Juu kuletwa mjini. Kwa hiyo nikifungua bomba asubuhi huwa najiambia, haya ndiyo yale tuliyoogea utotoni, tofauti ni kwamba sasa nayalipia.

Sehemu ya pili ya swali ina majibu mawili. La kwanza ni la kwenye makaratasi. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, tangu mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000. Mto una Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo za mto, ndani ya mita 60. Hapo hakuna kilichosahaulika.

Jibu la pili ni mjomba wangu.

Mjomba yumo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Sisi Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba akisema jambo la shamba, limesemwa. Mwaka juzi nilipokwenda likizo alinionyesha daftari la doria, lile la shule la kurasa 96, jalada limelowa na kukauka mara nyingi mpaka limekuwa kama gome. Ukurasa mmoja uliandikwa hivi: "Tumekuta tanuri la mkaa, bado linafuka. Tumelizima kwa udongo. Mwenyewe hakuonekana. Tumerudi saa kumi." Ukurasa uliofuata: "Mvua. Hatukupanda, viatu." Nikamuuliza viatu vimefanyaje. Akacheka. Gambuti ni jozi moja, wanadoria ni watatu, na siku hiyo mwenye zamu ya kuvaa alikuwa anaumwa.

Posho hawana. Kuna mara walimkamata mtu na mbao, wakamfikisha panapohusika, na kabla hawajamaliza kupanda mlima kurudi nyumbani wakapishana naye njiani yuko juu ya pikipiki. Aliwasalimia kwa heshima zote.

Watu wa mjini hupenda kusema wanakijiji waelimishwe. Waelimishwe nini? Marehemu bibi alikuwa akitusimulia habari za matuta. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usishuke mtoni. Miteremko yetu mikali, udongo wenye rutuba ni ngozi tu juu ya mwamba. Ukiuchimba hovyo unaufukia chini na kubaki unalima changarawe. Asiyechimba alipigwa faini. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachoka, zikazuka ghasia, mtu mmoja akauawa, na mradi wenyewe ukafa.

Sasa sikilizeni. Nusu karne baadaye, milimani huko huko, kata ya Kibungo Juu, watu wakachimba matuta kwa hiari yao. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango ambapo watumiaji wa maji wa bondeni, wakiwamo DAWASCO, shirika la maji la Dar la wakati ule, na Coca-Cola, walikubali kumlipa mkulima wa mlimani anayetunza udongo na kupanda miti. Tuta ni lile lile, jembe ni lile lile. Safari hii aliyechimba alilipwa, na aliulizwa kwanza. Ila mradi una tarehe ya kuisha, na mto hauna.

Hata hiyo habari ya "pandeni miti" si nyepesi kama inavyosikika redioni. Kwetu anayelima shamba la ukoo usio wake haruhusiwi kupanda mti wa kudumu bila kuuliza, maana mti ni madai: leo umepanda mwembe, kesho wajukuu zako wanasema ardhi ni yao. Ofisa anakuja na miche mia mbili, anaigawa, inakauka kwenye viriba, anaandika kwamba wananchi hawana mwamko. Angeanza na wakubwa wa ukoo angeondoka na jibu siku hiyo hiyo.

Oktoba 2022 Ruvu uliposhuka na Dar tukapangiwa maji kwa zamu, kila mtu mtaani kwetu alijua bei ya dumu. Sikumsikia hata mmoja akiuliza huko juu kuna nani. Kwa maoni yangu, ankara yangu ya maji iwe na mstari mmoja mdogo, hata wa shilingi mia tano, unaopanda mpaka kwenye kamati zile, na uandikwe wazi. Nitalipa bila kununa.

Wakati tunasubiri hilo nilikwenda soko la Karume nikanunua gambuti jozi mbili, nikazituma kwa basi la Morogoro. Wiki iliyofuata mjomba akapiga simu. Za namba nane zimepata mtu. Za namba tisa, mguu wa kushoto unavuja.