Je, tendo la ndoa linaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni?

SWALI: Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita, wa kwanza kwetu. Wiki mbili zilizopita, baada ya tendo la ndoa, aliona doa dogo la damu kwenye chupi, nalo halikurudi tena. Usiku huohuo tumbo lake lilikaza kwa dakika chache, kisha mtoto akaanza kupiga mateke, nami nikaamini kwamba nimemgonga. Tangu siku hiyo nalala ukingoni mwa kitanda, na sijamwambia sababu. Je, tuache mpaka ajifungue?

JIBU: Nianze na damu, kwa kuwa ndiyo isiyopaswa kusubiri. Wakati wa ujauzito damu nyingi hupita kwenye shingo ya kizazi, nayo huwa laini kiasi kwamba kuguswa tu kunaweza kuacha doa, na mara nyingi hakuna ubaya wowote. Hata hivyo, damu yoyote ya mjamzito huelezwa kwa mkunga au daktari hata ikiwa imekoma, kwa sababu huenda kondo la nyuma limejishikiza chini likaziba mlango wa kizazi, jambo linaloonekana kwa ultrasaundi wala si kwa kukisia. Nendeni kliniki sasa, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na mjizuie mpaka mpate jibu.

Ikiwa kondo liko mahali pake na daktari hakuona tatizo jingine, hapana haja ya kuacha. Hukumgonga mtoto. Uume huishia ukeni, na kati yake na mtoto kuna shingo ya kizazi iliyozibwa kwa ute mzito, ukuta wa misuli wa mfuko wa uzazi, na maji anamoelea. Tumbo kukaza ni mikazo midogo inayoweza kutokea mwanamke anapofika kileleni, na hutulia yenyewe; ikifuatana kwa mpangilio au ikileta maumivu, aende hospitali. Mateke ni ya mtoto aliyechangamka tu, na angeyapiga hata kama mngekuwa mmelala.

Kwa umri huu wa mimba asilale chali kwa muda mrefu, maana uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu akapata kizunguzungu. Alale ubavu, wewe ukiwa nyuma yake, au akae juu, apime mwenyewe kina na kasi. Usimpulizie hewa ukeni kamwe, kwani ikiingia kwenye mishipa ya damu inaweza kumuua. Mkiona damu tena, chupa ikivunjika, au mkiambiwa kwamba shingo ya kizazi inafunguka mapema, acheni na mwende hospitali.

Na hili wengi huona haya kuliuliza: ikiwa mmoja wenu ana mpenzi mwingine, au hamjapima pamoja, tumieni kondomu, kwa sababu mama anayeambukizwa VVU akiwa mjamzito huwa na virusi vingi mwilini, na hatari ya kumwambukiza mtoto huongezeka.

Umebaki ukingo wa kitanda. Mkeo hajui habari ya mateke. Anachokiona ni mume aliyempa mgongo tangu tumbo lilipokua, na sidhani kama anawaza kwamba ni hofu. Mwambie leo, kabla ya kliniki.