Lukemia "sugu" si lukemia iliyoshindikana

SWALI: Karatasi ya hospitali ya shemeji yangu inasema ana "lukemia sugu ya mailoidi". Nyumbani wengine wanaita kansa ya damu, wengine saratani ya damu, na mama mkwe anasisitiza kwamba ni upungufu wa damu tu. Jina sahihi ni lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kansa na saratani ni mdudu mmoja, naye ni kaa. Saratani ni jina la kaa kwa Kiarabu. Kansa ilitoka kwenye Kilatini ikatufikia kupitia Kiingereza, na kwa Walatini pia ni kaa yuleyule. Mimi huandika saratani, lakini anayesema kansa simsahihishi tena. Lukemia ni la Kigiriki: leukos ni nyeupe, haima ni damu. Aliyeliunda ni daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, mwaka 1847, kwa kuwa damu ya wagonjwa wale ilijaa chembe nyeupe kupita kiasi. Yote matatu yanafaa.

Neno linalonikera ni lile ambalo hukuliuliza: sugu.

Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Inaota kwenye kiganja cha mvuta kasia na kwenye paji la uso la msujudu. Kutoka hapo ikahamia kwa binadamu asiyesikia. Jambazi sugu si jambazi wa siku nyingi tu. Ni yule aliyefungwa, akatoka, akarudia, akafungwa tena, akatoka na kurudia tena. Kuna vijana waliokwapua simu mara moja na kuna wazee walioiba miaka thelathini bila kukamatwa, na hakuna kati yao anayeitwa sugu. Sugu ni aliyeadhibiwa na adhabu isimwingie. Mdeni sugu ni yule aliyedaiwa hadi mdai akachoka. Hata hospitalini kwenyewe, vimelea sugu ni vile ambavyo dawa imevishindwa, na mabango yanayotuonya tusikatize dozi huita jambo hilo usugu wa dawa.

Sasa mtu aliyelelewa na Kiswahili hiki akisomewa "lukemia sugu", aelewe nini? Ataelewa kwamba dawa zimegonga mwamba. Ataomba aruhusiwe akauguzwe nyumbani. Na hajakosea lugha hata kidogo. Aliyekosea ni mfasiri.

Daktari alitaka kusema kitu kingine kabisa: ugonjwa unaokwenda polepole, wa miaka. Lukemia ya aina ya shemeji yako huweza kukaa muda mrefu bila dalili, ikagunduliwa kwa bahati pale damu ilipopimwa kwa sababu nyingine. Chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa kila maikrolita ya damu, zinaweza kupita 100,000. Bandama huvimba chini ya mbavu za kushoto, mgonjwa akashiba kwa matonge machache. Hukonda, na usiku hulowa jasho. Chanzo chake kinajulikana: ndani ya seli moja ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) ya 9 na ya 22 zilibadilishana vipande, ikazaliwa protini inayoiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Tangu mwaka 2001 kuna kidonge cha kuizima protini hiyo, imatinibu. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na maji ya kutosha, na wengi wanaokimeza bila kukatiza huishi miaka mingi wakifanya kazi zao.

Kinachoharibu ni kuruka siku. Mgonjwa anajisikia vizuri, anaona amepona, anaacha. Seli zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka, na baadhi zinaweza kubadilika hata kidonge kisizifanye kitu. Hapo ndipo neno sugu lingepata kazi yake ya halali, lakini limeshatumika pasipo pake. Huyo mgonjwa tumwandikie nini, "lukemia sugu sugu"?

Pacha wake ni "kali". Mbwa mkali, pilipili kali, jua kali: neno linapima makali, halipimi mwendo. Lukemia inayoitwa kali ni ile inayokua kwa wiki chache. Ile ya limfoidi, yaani ya ukoo wa chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, ndiyo saratani inayowapata watoto kuliko nyingine zote, hasa wa miaka 2 hadi 5. Neno hili linaumiza mara mbili. Kwanza, mzazi anasubiri ukali, na mtoto hana ukali wowote. Amepauka tu, amechoka, homa inakwenda na kurudi. Pili, akishaambiwa "kali", anakata tamaa, ilhali mahali matibabu yanapotolewa kikamilifu, kwa miaka 2 hadi 3, watoto wengi wa aina hii hupona kabisa.

Kwa hiyo niandikieni lukemia ya kasi na lukemia ya polepole. Kila moja ina ya limfoidi na ya mailoidi, kufuata ukoo wa seli ulioharibika, na hizo ndizo aina kuu nne. Mailoidi imetokana na neno la Kigiriki la uboho. (Magazeti ya Tanzania yamezoea kuandika uloto. Na yaandike, tunaelewana.)

Mama mkwe naye ametaja dalili akadhani ametaja ugonjwa. Uboho ndio shamba la damu. Seli za saratani zikilijaza, mazao matatu hukosa nafasi. Chembe nyekundu zikipungua, viganja na ndani ya kope hupauka, na ngazi chache zinamtoa mtu pumzi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua, fizi na pua hutoka damu, michubuko hujitokeza bila kugongwa, na huonekana vidoa vidogo kama ncha ya sindano ambavyo havififii ukivibonyeza; kwa ngozi nyeusi vitafute kwenye kaakaa na ndani ya kope. Chembe nyeupe zilizokomaa zikipungua, maambukizi hayaishi, hata kama hesabu ya chembe nyeupe ni kubwa, kwa sababu zilizojaa ni changa zisizojua kazi. Mtoto anaweza pia kukataa kutembea kwa maumivu ya mifupa, au kuvimba tezi za shingoni.

Dalili hizo zikija pamoja, kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi. Omba picha kamili ya damu, na tone likaangaliwe kwa hadubini. Mtoto mwenye homa inayorudi huku kipimo cha malaria hakioni kitu, au aliyepewa dawa ya kuongeza damu kwa wiki kadhaa bila nafuu, asipewe chupa nyingine kabla ya kipimo hicho.

Mama mkwe mjibu hivi: damu inaweza kupungua kweli, mama, lakini inapunguzwa na saratani iliyo kwenye uboho, nayo ni ya polepole, na kidonge chake ni cha kila siku.