Wameondoa menyu tuliyoizoea

SWALI: Kwa miaka minne nimetafsiri na kuripoti hitilafu za programu huria ya kuhariri picha. Toleo jipya limeondoa menyu ya juu, kila kitu kimefichwa ndani ya kitufe kimoja. Wengi tulipinga, wasimamizi wakafunga mjadala. Je, sisi si kitu?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Machungu hayo nayajua. GNOME 3, yaani mwonekano mpya wa skrini na madirisha kwenye kompyuta za Linux, ilipotoka mwaka 2011, orodha ya madirisha niliyoitegemea ilitoweka, nami nilikasirika wiki nzima. Wenzangu wengine walichukua msimbo wa GNOME 2, maana leseni inaruhusu, wakaujenga mradi wa MATE, ambao ungali hai. Njia hiyo iko wazi hata kwenu, ila ukiishika, kila tundu la usalama litakuwa mzigo wako.

Mimi ningeanza kwingine. Wingi wa malalamiko huwashawishi wasimamizi mara chache. Kazi iliyokwama huwagusa. Waandikie: “Kupunguza mwanga wa picha kulihitaji mibofyo miwili, sasa mitano.” Usiombe tu swichi ya kurudisha menyu, kwa sababu kila swichi lazima mtu aijaribu na kuitunza miaka yote.

Nao ni binadamu. Mwaka 2018 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, aliacha kuiongoza, akiwa amechoshwa na mvutano kuhusu kuongeza alama ya := katika lugha hiyo. Hata hivyo, kufunga mjadala bila kutoa sababu ni kosa, na hapo nipo upande wako kabisa. Dai sababu hizo kwa maandishi, kwa upole, na usichoke kuuliza.