Mwanangu, hizo mvi za panja zisikutoe roho

Mwanangu,

Salama? Sisi huku Tanga wazima, baba yako anakusalimu, kifua kimepungua. Voisi yako nimeisikiliza tena jana usiku maana mara ya kwanza nilikuwa jikoni nikasikia nusu nusu, na ulivyoanza na "mama nina jambo" nikajua ndo umefukuzwa kazi, kumbe mvi! Umesema umefika miaka 34, zimeanza kuchomoza panja zote mbili na chache utosini, unataka kuzificha ila huna muda wa kushinda saluni kila baada ya wiki mbili wala hela ya kuchezea. Haya sikiliza.

Kwanza piko sahau. Najua ndo kitu cha kwanza kila mtu atakutajia, na kweli ni rahisi, kipakti kimoja, nusu saa kichwa cheusi tii. Lakini wewe umesahau mkono wako kwenye ile harusi ya binamu yako? Walikuchora maua ya piko, wenzio wakapendeza, wewe baada ya siku mbili tatu mkono umeumuka, malengelenge yakafuata mchoro jani kwa jani mpaka tukakimbilia kwa daktari. Kile kinachokudhuru ni kemikali inaitwa PPD, ndo inayotia ule weusi kwenye piko na kwenye rangi nyingi za boksi za kudumu, na mwili ukishaikataa hausahau, ukiirudia inaweza kuja kwa nguvu kuliko mwanzo, na ya kichwani uvimbe wake unashuka hadi machoni. Wala usidanganyike na boksi lililoandikwa haina amonia, amonia ni kitu kingine, PPD inaweza ikawemo vilevile. Geuza boksi usome maandishi madogo, ukiona jina refu linaloishia na diamine lirudishe, hata msusi akuapie vipi. Hiyo habari ya kupaka kidogo nyuma ya sikio na kusubiri masaa 48 ni ya wale wasiojijua, wewe unajijua.

Na hata asiyedhurika mimi nisingemshauri aanze na nyeusi kwa mvi za kuhesabika. Nywele inaota kama sentimita moja kwa mwezi, sasa ukishapaka nyeusi kabisa, wiki mbili tatu tu mizizi inatoka myeupe na ule mstari unaonekana kuliko hata mvi zenyewe zilivyokuwa zimetawanyika, basi ushakuwa mtumwa. Muulize baba yako na ndevu zake, kila Alhamisi usiku yuko kwenye kioo na kimswaki ili Ijumaa aende msikitini kijana. (Usimwambie nimekwambia.)

Kwa siku za kawaida wala huhitaji rangi. Hamisha njia ya nywele, badala ya kuinyoosha katikati ipinde pinde au ipeleke upande, za utosini zinapotea zenyewe. Msuko wa twende kilioni uache kwanza maana unavuta kila kitu nyuma na panja zinabaki wazi, halafu kusuka kwa kukaza hapo mbele kunaua vinyweleo, utakimbia mvi ukutane na kipara. Ukiwa na kikao au sherehe chukua maskara nyeusi, ya kwako isiyo ya machoni, ifute ziada kwenye tishu, pitisha kwenye mvi tu toka kwenye shina kwenda nje, ikauke ndo uvae mtandio. Inatoka ukiosha. Ila kwa joto la Dar na daladala usijifute jasho hovyo utatoka na mistari usoni.

Sasa ukitaka kitu cha kukaa, hina. Hina halisi, ile ya majani, haina PPD, rangi yake inang'ang'ania unywele wenyewe na haifutiki kwa kuosha. Na uzuri wake kwa nywele zetu, kwenye nyeusi haionekani sana, labda wekundu kidogo juani, zinazoshika ni zile nyeupe tu, zinakuwa kama shaba, mtu anadhani umetia kwa makusudi. Mizizi ikiota haikati mstari mkali, ukirudia kila miezi miwili inatosha.

Unga wa kweli ni wa kijani na unanuka majani makavu. Ukiona unga mweusi, au wameandika hina nyeusi, hiyo ni piko imevaa baibui, usiguse. Chemsha chai ya rangi iwe nzito na karafuu kidogo, ikipoa kidogo ukandie hina kwenye bakuli la plastiki au la udongo mpaka iwe kama uji mzito, kamulia ndimu, funika uiache masaa kadhaa au usiku kucha. Utajua iko tayari ukiona juu imegeuka kahawia wakati ndani bado kijani. Paka mafuta kwenye paji na masikio, vaa glavu, halafu tumia mswaki wa zamani kwenye panja na utosini tu, kichwa kizima cha nini. Kofia ya nailoni ya kuogea juu yake (mifuko ya plastiki si waliipiga marufuku 2019, mimi yangu ya zamani imeshaisha), kaa masaa matatu manne uangalie tamthilia zako, osha kwa maji mpaka yatoke safi, shampuu usitie siku hiyo. Hina inakausha nywele so malizia na mafuta ya nazi.

Fanya Ijumaa usiku maana Jumamosi zitang'aa rangi ya chungwa utanipigia unalia, subiri, siku mbili hivi zinatulia na kukolea. Na kabla ya yote kusanya nywele nyeupe zilizobaki kwenye kitana, zijaribu kwenye hina uone rangi yenyewe, kwa sababu ikishaingia kichwani kuitoa ni mkasi.

Kung'oa hakuongezi mvi kama shangazi zako wanavyosema, ila ukiung'oa unywele uleule kila unapoota shina linaweza kuharibika na usiote tena. Umri wako si ajabu, bibi yako upande wa baba alianza mapema na nyie wote mna kichwa chake. Isipokuwa ukiona zinakuja kwa kasi na mwili unachoka choka bila sababu, nenda kapime damu, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingoni vinaweza kuleta mvi mapema.

Hina nakufungia kilo nusu na chupa ya mafuta ya nazi, vitakuja na basi la Jumamosi asubuhi, namba ya konda nitakutumia, kapokee stendi pale Mbezi. Ukipokea nibipu, na ile bakuli yangu ya udongo uliyochukua Idi usinitilie hina humo.

Mama yako