Jibu: Friesian kapunguza maziwa, haonyeshi dalili za kutaka dume

Salaam mkuu. Nimekuelewa kuhusu ng'ombe wako wa maziwa wa aina ya Friesian: uko Tanga, tangu jua la Januari likaze maziwa yameshuka, anasusa majani, haonyeshi dalili za kutaka dume, na daktari hakuona ugonjwa.

Kabla ya kununua sindano yoyote, hesabu pumzi. Saa nane mchana simama pembeni, tazama ubavu ukipanda na kushuka dakika nzima. Zikipita 60, joto limemwelemea. Akitoa ulimi na udenda, hali ni mbaya zaidi.

Joto likimpata ghafla, kortisoli (homoni ya msongo) hupanda. Likiendelea siku nyingi, tezi ya thairoidi iliyo shingoni hupunguza homoni zake ili mwili usizalishe joto jingi ndani. Hamu ya kula na maziwa navyo hushuka. Estrojeni, homoni ya kike, pia hupungua, ndiyo maana dalili za kutaka dume zinakuwa hafifu, au anazionyesha usiku kwa muda mfupi wewe umelala. Mchungulie saa nne usiku na alfajiri.

Kwangu kilichosaidia ni makuti juu ya mabati, maji yasiyokauka kivulini, jiwe la madini, na kumpa sehemu kubwa ya majani jioni. Kumwagia maji ni vizuri banda likiwa na upepo. Likiwa limezibwa, kwa unyevu huu wa pwani, unamtengenezea jiko la mvuke bure.

Halafu, kama alishapandishwa, mpime mimba kwanza. Usije ukalisingizia jua.