Katoni Mbele ya Geti Langu

Jumatatu iliyopita, jua halijatoka, nilikuta katoni ya sabuni mbele ya geti langu hapa Ndosho, mjini Goma. Ndani mlikuwa na watoto watano wa mbwa, macho hayajafunguka. Aliyewaleta hakubisha hodi. Sasa nina mbwa 19.

Watu huniuliza kwa nini mahali pa kulelea mbwa hujaa kila mara. Ninajua, maana nami niliwahi kuchangia.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, nilikimbilia mji wa Sake na watoto, godoro na sufuria. Mbwa wangu Malkia nilimwacha. Nilijiambia ni siku mbili tu. Niliporudi nilimkuta hai, mbavu zinahesabika, na madume matatu yasiyo na mwenyewe yamelala kando ya ukuta wa mawe ya volkano. Miezi miwili baadaye akazaa sita. Nilifurahi sana! Niliwagawa ndani ya mwezi mmoja, bila kumuuliza mtu swali hata moja. Mtoto wa shangazi yangu alichukua jike mzuri kuliko wote. Alipohama nyumba ya kupanga, akamwachia barabarani. Hadi leo hajaniomba msamaha, na bado inaniuma. Yule jike alirudi kwangu kwa miguu yake, akiwa na mimba.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na binti zake huanza kushika mimba wakiwa na miezi sita tu. Nyumba za kuwapokea haziongezeki hivyo.

Malkia na binti yake nikawafungisha kizazi. Tangu hapo hakuna mbwa aliyepata mimba ndani ya kiwanja changu. Wote wengine wameletwa na watu.

Ndugu zangu mnaopenda mbwa, mpelekeni jike kwa veterinari kabla hajashika mimba. Dume naye ahasiwe. Akifikisha miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtaniambia ni ghali. Je, unga na sambaza, wale samaki wadogo, za mbwa 19 kila siku ni bure? Kama huwezi kumfunga kizazi, usimchukue. Na usimpe mbwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hajamkubalia. Usimpe, hata akiwa ndugu wa damu.

Mmoja wa wale watano alikufa juzi. Wanne ninawanywesha maziwa kwa sindano, hata usiku wa manane. Hawatoki hapa kabla ya wiki nane, na anayewataka aje pamoja na mwenye nyumba wake.