Neno "set" usilikariri kama orodha

Mdogo wangu wa Hombolo, umeuliza utakaririje maana zote za neno la Kiingereza "set" kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Usizikariri. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, inazo zaidi ya 400 za kitenzi hicho pekee!

Wewe tazama neno linaloandamana nalo. Jua likiwa ndilo linalo-"set", linazama. Zege nalo linashika, kama wasemavyo mafundi wa Mtumba. Meza, vyombo vimepangwa. Na hapo kwenu kwenye mizabibu, maua yakishapukutika na vipunje vya kijani vikaanza kujifunga, Waingereza huita "fruit set". Nenda shambani ukavishike kwa mkono, hutasahau.

Mbona tunapiga simu, pasi, deki na mswaki bila kuchanganyikiwa? Uliyasikia maneno hayo yakiwa pamoja tangu utotoni. Basi kwenye daftari andika sentensi nzima, siyo neno peke yake.

Zinazosumbua kweli ni "set off" (kuanza safari), "set up" (kuanzisha) na wenzake. Hizo zitengee kurasa zake, utunge sentensi zako mwenyewe, umpelekee mwalimu azisahihishe.